Taa Huwaka Tukishafika Kona

Taa yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ina picha ya usukani na pembeni yake alama ya mshangao, kama vile usukani umepigiwa simu ya msiba. Ikiwaka tu, usukani wa gari letu unakuwa mzito hapo hapo, ule uzito wa kukaza meno, na Mama anasema neno moja, lile lile kila siku.

"Haya."

Sio haya ya hasira. Ni haya ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali, amefika mlangoni, akaona njia nzima nyuma yake imelowa.

Ngoja niwapange watu kwanza, maana gari ni dogo na tunabanana. Mama ndiye dereva. Baba anakaa pembeni yake, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kifurushi alichoombwa amshikie mtu. Mwaka jana kiharusi kilimpiga upande huo, mkono na mguu, na ulimi kikauacha nusu. Maneno anayo yote kichwani, ila yanatoka moja moja, na kila moja linachungulia kwanza. Mimi niko kiti cha nyuma na fimbo ya Baba, mkoba wa Mama, chupa ya maji, na simu yangu mkononi. Kuendesha siendeshi. Mtihani wa leseni nimefeli mara mbili, zote kwenye kurudi nyuma, na Mama anasema nyumba hii ina bovu moja tayari, linatosha.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tunampeleka Baba mazoezi hospitali, saa moja na nusu asubuhi. Akishamshusha, Mama anakwenda kazini, kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Yeye ni wa kukunja. Shuka kubwa linatakiwa watu wawili, huyu ncha hii na yule ncha ile, lakini watu wamepunguzwa, kwa hiyo Mama anakunja peke yake. Bega lake la kulia limeanza kutoa sauti. Ukikaa naye karibu unalisikia.

Sasa chukua hilo bega, lipe usukani mzito.

Mwezi uliopita taa iliwaka tukiwa tumebakisha kidogo kuingia kona ya kwetu, ile yenye mtaro. Mama akakata, usukani ukamgomea, bega likagoma, gari likaenda moja kwa moja kama ng'ombe aliyeona majani. Tulisimama tairi la mbele likiwa limekanyaga ukingo wa mtaro. Baba alinyoosha mkono wake mzima akashika dashibodi. Mama akazima injini.

"Likinitoa tena barabarani hivi," akasema, "mimi siendeshi tena. Siwezi kumuua mtu nikiwa nampeleka kupona."

Na alimaanisha. Mama hana maneno ya akiba, akisema amesema.

Shida ni kwamba wiki ile ile kidole gumba cha Baba kilikuwa kimecheza. Dada wa mazoezi alituita wote tuje tuone. Kilisogea kidogo sana, upana wa punje ya mchele, lakini kilisogea. Akatuambia mkono ni kama bawaba, ukiacha kuufungua unashika kutu, na kutu ya mkono haina mafuta. Halafu akaongeza, kwa upole, kwamba zamu za asubuhi zinagombaniwa, na mgonjwa akikosa kuja mara tatu zamu yake inakwenda kwa mwingine. Kwa hiyo hesabu ilikuwa wazi. Taa isipopona, ipo siku gari litatoka tena barabarani, na Mama haendeshi. Mama asipoendesha, mkono wa Baba unafunga.

Nikasema hii taa naimaliza mimi.

Nilikuwa sijui hata mota ya usukani inakaa wapi. Nilisoma kwenye simu mpaka macho yakawa na mchanga. Huyu anasema betri imechoka. Yule anasema waya wa hasi umelegea. Mwingine, mwenye picha ya simba, anasema uza gari. Mama aliponikuta nimelala na simu imeniangukia usoni, aliitoa, akaniambia, "Ukimaliza kulisomea gari, soma na mtihani wako wa kurudi nyuma."

Tukaenda kwa Fundi Bado.

Fundi Bado ni fundi umeme wa magari, ana kibanda cha mabati barabara kubwa. Jina lake halisi sijui kama hata yeye analikumbuka. Ukimuuliza gari limepona, anasema bado. Ukimuuliza amekula, bado. Ameoa? Bado, na ana watoto wanne. Ila mikono yake ni ya kweli. Alipima betri, nzima. Akafungua kila fyuzi, akazipuliza, akazirudisha. Akasugua vichwa vya betri kwa msasa mpaka vikang'aa. Akachomeka kile kimashine cha kusoma makosa chini ya usukani, akasubiri, akakitikisa, akasubiri tena.

"Kinasema nini, Fundi?"

"Kinasema gari zima."

"Zima vipi wakati linatuua?"

"Mimi nakusomea barua, mdogo wangu, sijaiandika."

Jumatano taa ikawaka. Nikampigia, akasema, "Lileteni taa ikiwa imewaka." Sasa tutalipelekaje taa ikiwa imewaka? Tunafika hospitali, tunazima, tunamtoa Baba, tunamfikisha mpaka kwenye benchi. Mama akija kuwasha tena, taa haipo. Usukani laini kama siagi. Gari linaumwa kama mtoto wa shule, homa yote inaisha akimwona daktari.

Tulirudi kwa Fundi Bado mara tatu. Mara ya tatu alijifuta mikono taratibu, nikajua hana jipya.

"Nafikiri ni mota ya usukani yenyewe," akasema. "Tuitoe, tutafute nyingine kwa wanaokata magari ya zamani. Gari likae hapa wiki mbili. Zikizidi, tatu."

"Wiki mbili ni zamu sita," nikamwambia. "Mgonjwa wetu anaruhusiwa kukosa mbili."

Akashika kiuno. Alikuwa amechoka na sisi, nami nilikuwa nimechoka na yeye, na Mama ndani ya gari alikuwa amefumba macho, ameegemeza kichwa kwenye kioo, hana habari tunamjadili nani. Kwa kukosa la kufanya nikatoa simu nikamwonyesha picha. Kila taa ilipowaka nilikuwa naipiga picha, sijui kwa nini, labda nilitaka ushahidi. Zilifika kumi na nne.

Fundi Bado akaanza kuzipitisha kwa kidole kidogo, kile pekee kisichokuwa na grisi. Moja, mbili, tatu. Halafu akarudi nyuma. Akaenda mbele. Akarudi tena.

"Huu mlango wa bluu hapa nyuma ya kioo, wa wapi?"

"Duka la pale kona ya kwetu."

"Na huu?"

"Duka hilo hilo."

"Na huu?"

Nikaiinamia simu. Picha zote kumi na nne, juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, kulikuwa na mlango wa bluu. Nilikuwa nimeitazama taa tu. Akagusa zile saa zinazojiandika zenyewe chini ya picha: saa moja na dakika nne, saa moja na sita, na tatu, na tano.

"Gari bovu halina saa wala duka," Fundi Bado akasema, na kwa mara ya kwanza alisikika kama mtu aliyelala vizuri. "Likiharibika linaharibika popote. Hili lenu linakasirikia mahali. Kabla ya hiyo kona kuna nini?"

Nikafikiria. "Kwetu tu," nikasema.

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi Fundi Bado alikuwa uani kwetu, amekaa kwenye ngazi ya baraza na kikombe cha chai, miguu ameinyoosha kama mpangaji.

Uani kwetu ni pembamba na parefu. Gari dogo linalala mwisho kabisa, mlangoni, kwa sababu Baba anaweza hatua kumi na moja na fimbo, ya kumi na mbili anahitaji kubebwa, na kubebwa hataki. Katikati, kati ya gari dogo na geti, imesimama pikapu ya Baba. Alikuwa anahamisha watu nyumba, kazi ya miaka ishirini na mitatu. Watu wa mtaa walikuwa wanasema anaweza kupitisha kabati kwenye tundu la panya, na kioo chake kisipasuke. Siku ya kiharusi alirudi kutoka kazini mchana, akaingia getini, akaanza kuegesha, akasimama upande upande, akafungua mlango, akashuka, na mguu haukumpokea.

Pikapu ipo vile vile alivyoiacha. Imekaa mshazari, mkia umeelekea barazani, tairi zimeishiwa upepo. Hakuna aliyesema isiguswe. Haiguswi tu. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa chumba chao, na Baba anaamka anautazama.

Kwa hiyo kutoka kwetu asubuhi ni kazi ya sindano. Unatoka unakwepa ngazi ya baraza, unakunja kabla ya mkia wa pikapu, unarudi nyuma, unakunja tena, unapita ubavuni mwake ukisikia kioo kinapumua, unarudi tena, ndipo unaliona geti. Na anayeongoza ni Baba. Kioo cha upande wake kinashushwa, anatoa kichwa, anaangalia tairi, anaanza.

"Ka... ta."

Mama anakata.

"Ku... lia. Tena. Te..."

Nilikuwa nimezoea. Nilikuwa nakaa nyuma na simu yangu, hiyo sauti ikawa kama redio ya jirani. Siku hiyo, kwa sababu Fundi alikuwa anatazama, na mimi nikatazama.

Baba anasema kata. Mama anakata mpaka usukani unafika mwisho, tak. Kisha gari linasimama. Mama ameushikilia pale pale mwisho, mikono miwili, bega limepanda mpaka sikioni, anamtazama Baba mdomo. Baba anatafuta neno linalofuata. Linakuja mpaka kwenye meno, linarudi. Mama yupo. Mota ya usukani chini ya dashibodi inanguruma kidogo, mmm, kama mtu anayesukuma ukuta. Neno linatoka: "Ru... disha." Mama anarudisha, anafika mwisho wa upande wa pili, anasimama, anashikilia, anasubiri.

Tulipofika getini Fundi Bado alipunga mkono tusimame. Akaweka kikombe chini, akaja, akaomba radhi kwa Mama, akapiga magoti, akaingiza mkono chini ya usukani. Akautoa haraka.

"Njoo ushike," akaniambia.

Nikashika. Ilikuwa pasi. Siongezi chumvi, pasi ya kunyoosha sare.

"Basi mota yenu haina ugonjwa," akasema, bado yuko magotini. "Usukani ukifika mwisho umefika. Ukiendelea kuushikilia, yenyewe inadhani bado unataka kukata, inasukuma, inasukuma, inachemka. Ikichemka inajizima isiungue. Mkifika kona ndio inakuwa imechoka kabisa. Hiyo taa haisemi nimekufa. Inasema nimechoka, endelea mwenyewe."

"Kumbe ina akili kuliko sisi," Mama akasema.

"Mama, nimehesabu. Mara saba umeufikisha mwisho, na kila mara umeushikilia gari likiwa limesimama. Samahani lakini nikuulize, pale unakuwa unasubiri nini?"

Hapo nilitamani simu yangu iite. Hata wale wa kukupa mkopo, wangepiga tu.

Mama hakugeuka. Alifuta usukani kwa kiganja, kana kwamba una vumbi.

"Nasubiri tu," akasema.

Fundi Bado, maskini, hajui anakanyaga wapi. "Usisubiri sasa. Kwa ninavyokuona, hapa unapita mwenyewe na macho umefumba. Au mtoe hilo pikapu, mbona limekaa katikati ya uwanja kama kabu..."

"Fundi," Mama akasema. "Chai yako inapoa."

Akaelewa nusu, akainuka, akapangusa magoti. Baba alikuwa amesikia yote. Masikio kiharusi hakikuyagusa. Alipandisha kioo chake kwa mkono mzima, kijikono cha kuzungusha, raundi baada ya raundi, mpaka kikafunga.

Taa iliwaka mlango wa bluu. "Haya," Mama akasema. Safari hii tulikwenda mwendo wa jeneza, kila kona Mama anaanza kukata mapema kama anaomba ruhusa. Tulichelewa dakika ishirini. Dada wa mazoezi aliweka alama kwenye daftari lake.

Jioni Mama aliporudi nilimkuta nyuma ya nyumba anaanua nguo. Anakunja mashuka siku nzima halafu anarudi kukunja na yetu.

"Mama. Kutoka uani unajua mwenyewe?"

"Nimeanza kuendesha wewe hujawa hata wazo."

"Sasa kwa nini unamsubiri kila..."

"Shika ncha hii."

Nikashika ncha. Tukakunja shuka la kwanza, la pili. Alikuwa anainua mkono wa kulia mpaka kifuani tu, hapo unakwama.

"Asubuhi akiamka," akasema, "anavishwa. Ananyolewa. Anapandishwa. Anashushwa. Kitu kimoja tu kwa siku nzima kinafanyika kwa sababu yeye amesema kifanyike. Nikimnyang'anya na hicho, ananyanyuka kitandani kufuata nini?"

"Na bega lako?"

"Bega litapona."

"Halitapona, Mama."

"Basi halitapona. Vuta upande wako, limejikunja."

Tulimaliza nguo zote, na nilipoingia ndani nilimkuta Baba amekaa kwenye kiti chake, dirisha liko wazi, lile dirisha linalotazama nyuma kwenye kamba. Sijui alikuwa pale tangu lini.

Jumamosi asubuhi nasikia fimbo. Tok. Tok. Nikadhani anakwenda msalani, nikatoka nimsaidie. Alikuwa ukutani, kwenye msumari. Ameegemea ukuta kwa bega, fimbo ameibana kwapani, anaung'oa ule ufunguo. Ulimponyoka mara mbili, ukagonga ukuta, mara ya tatu akaufunga ndani ya ngumi.

"Pi... ga," akaniambia. "Simu."

"Nimpigie nani, Baba?"

"Fu... ndi. Watu... wanne. Na... pampu."

Fundi Bado alikuja na mtu wa pancha, na mchomeleaji mmoja mwenye kifua kama friji, na fundi cherehani wa jirani aliyesikia kelele akaja na futi ya kupimia shingoni. Tairi zikajazwa. Zilikuwa zinalia, lakini zikakubali. Mama alitoka jikoni, mikono ina povu la sabuni mpaka kwenye viwiko, akamkuta mumewe amesimama mlangoni mwa pikapu, anapandishwa na mchomeleaji.

"Baba Mwana," akasema, "unafanya nini?"

Baba alikaa kwanza. Akapumua. Akaweka mkono wa kushoto mapajani, akaupanga vizuri.

"Na... egesha," akasema. Kisha, kwa sababu Mama alikuwa bado anamtazama, akatafuta maneno mengine, na sisi wote uani tukasubiri, hata fundi cherehani. "Ile siku... siku... maliza."

Mama akaosha mikono kwenye bomba, hakuharakisha, akajifuta na kanga, akazunguka, akapanda upande wa pili.

Kazi ilikuwa kuirudisha nyuma, inyooke, ilale sambamba na ukuta. Sisi tuko mbele, tunasukuma boneti. Ile pikapu haina mota ya usukani wala taa yake. Ni chuma na mkono wa mtu. Baba akaweka gia huru, akazungusha ufunguo usukani ukafunguka, akaushika kwa mkono wa kulia. Hauendi. Mama akasogea karibu, akaweka mkono wake wa kushoto, ule usio na bega bovu, akauvuta kwa nguvu zake zote.

"Ha... pana," Baba akasema. "Usi... kate. Lime... simama."

Mama akauacha.

"Usukani..." Alichukua muda. "Hau... katwi. Gari... likiwa... limesimama. Wa... sukume... kwanza."

Fundi Bado aliinua kichwa kutoka kwenye boneti. "Mzee. Ulikuwa unajua?"

"Kila... dereva... a... najua."

"Sasa mbona mama hapa kila asubuhi anasimama ndio anakata, na wewe umekaa pembeni unamwangalia?"

Baba akamgeukia Mama. Sura yake upande mmoja tu ndio unacheka, lakini ulikuwa unajaribu. "Nili... dhani... u... naogopa... pikapu."

"Mimi niogope pikapu?" Mama akasema. "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe umalize neno."

"Mimi... na... ngoja... uende."

Mama akaweka kipaji cha uso kwenye dashibodi ya pikapu. Mabega yake yakaanza kutikisika, yote mawili, la kulia likitoa ile sauti yake. Mchomeleaji akaniuliza kwa kunong'ona kama analia. Nikamwambia subiri. Alipoinua uso ulikuwa umelowa na alikuwa anacheka kile kicheko kisicho na sauti, cha mtu ambaye hana hata nguvu ya kucheka. Miezi mitano ya safari za hospitali. Huyu anamsubiri yule aseme, yule anamsubiri huyu aende, na katikati yao mota inaungua.

"Sukumeni," Mama akasema.

Tukasukuma. Ikakataa, ikakataa, ikalegea. Ilipoanza tu kubiringika, Baba akasema "Sa... sa," na ule usukani uliokuwa jiwe ukaanza kuzunguka, mkono wake wa kulia na mkono wa Mama wa kushoto, huyu anavuta na huyu anapokea. Alikuwa anatazama kioo cha pembeni, kidevu juu, kama zamani. Alirudisha nyuma kwa mara moja. Nilitazama kwa makini sana, mimi mwenye kufeli mara mbili. Pikapu ililala na ukuta, kati yao nafasi ya kiganja, tuliigonga ndoo moja tu. Baba akavuta breki ya mkono, ikalia krrr, akatoa ufunguo.

Mahali ilipokuwa palibaki mraba wa ardhi mkavu, wenye majani makavu na sandali moja ya watoto wa jirani. Hakuna aliyekimbilia kufagia. Fundi cherehani alipima kwa macho akasema hapo sasa linapita basi.

Baba hakutaka kushuka mara moja. Tukamwacha. Mama alirudi kwenye vyombo vyake, mimi nikakaa barazani, na nilimwona kupitia kioo cha mbele ameweka mkono kwenye usukani, haukati, ameushika tu. Alipoita nimshushe, ufunguo hakuurudisha kwenye msumari. Aliutia kwenye droo ya meza, pamoja na kalamu zisizoandika.

Jumatatu tulipanda gari saa ile ile. Mama akawasha, akashusha kioo cha Baba kwa mazoea, kwa kuinama mbele yake. Baba akatoa kichwa.

"Ka..."

Hakukuwa na cha kukata. Gari lilikuwa linakwenda, moja kwa moja, ngazi ya baraza imepita, geti hili hapa. Baba alibaki na mdomo wazi kidogo. Mama alipunguza mwendo, sio kusimama, kupunguza tu.

"Nje kukoje huko?" akamuuliza. "Mimi sioni."

Anaona. Barabara yote ilikuwa nyeupe.

Baba akatazama kushoto, akatazama kulia. "Ku... peupe," akasema. "Nenda."

Akaenda. Mlango wa bluu ulipofika nilishika simu tayari, kidole juu ya kitufe. Mlango ukapita. Kona yenye mtaro Mama akaikata kwa mkono mmoja. Simu nikairudisha mfukoni taratibu, nisije nikaiamsha taa.

Tulifika hospitali saa moja na dakika tisa. Hatujawahi kufika mapema hivyo. Walinzi walikuwa bado wanafungua milango. Mama akazima injini, akasema, "Tupumzike dakika mbili ndio tumtoe," na kabla hajamaliza kichwa kilikuwa kimelala kwenye kioo, mdomo wazi, mkono wa kushoto bado uko kwenye usukani.

Fundi Bado akaniandikia: *Taa vipi?*

Niliwasha swichi kwa kupenyeza mkono kati ya viti, taratibu, bila kuwasha injini. Taa zote za dashibodi zikawaka mara moja kama kawaida yao, zikazimika karibu zote, ya usukani nayo. Nikapiga picha. Ya kumi na tano. Ndani yake kuna giza la dashibodi na vidole vya Mama, ngozi imekunjamana kwa maji ya kiwandani. Nikamtumia.

Saa moja na dakika ishirini na tano nikanyoosha mkono kumgusa Mama begani. Baba akaudaka mkono wangu njiani, kwa mkono wake mzima, akaurudisha nyuma.

"Tutachelewa, Baba."

"Ba... do," akasema. "Mw... ache."

Nikarudi kukaa. Alikuwa anatazama mbele, anamlindia usukani, na mapajani mwake kile kidole gumba kilikuwa kinafanya mazoezi peke yake, kidogo sana, juu, chini.